Picha Niliyokuahidi Kesho Asubuhi

Kaka yangu Doto,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako naijua, maana chepe nilishika na mimi. Kwa hiyo nitaanza na yangu: mimi mzima, nimenenepa hata, na pale stendi ya Ushirombo bado wananiita Profesheno. Cheka tu, huko uliko hakuna wa kukuzuia. Naandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya bluu imekata wino. Mwalimu wetu alisema barua haiandikwi kwa nyekundu, ni utovu wa adabu. Lakini mwalimu huyohuyo ndiye alisema sitafika popote, na mimi kidato cha pili nilikiacha chenyewe kikinililia, na nimefika mpaka Chato kupiga picha za harusi. Kwa hiyo nyekundu hivyohivyo.

Naanza na maneno mengi kwa sababu naogopa ninapokwenda. Unanijua.

Unaikumbuka sheria ya Mama? Aliikuta kwa mama yake, akaileta hadi kwenu: pacha hafanyiwi kitu peke yake. Kulwa akishonewa kaptula, Doto unashonewa ya kitambaa hichohicho. Kulwa akivunja mtungi, wewe unainama kupokea fimbo zako, hata kama mtungi ulivunjika ukiwa kisimani. Mimi Shija, niliyezaliwa baada ya mapacha kama jina linavyomtangazia kila Msukuma, sikuwa na sheria yoyote. Nilichapwa peke yangu, nikarithi peke yangu zile kaptula zenu zilizochakaa, mbili za rangi moja kwa mpigo. Darasa zima likadhani ninayo moja na siifui.

Kwenye picha ndiyo Mama hakuwa na mchezo kabisa. "Ukimpiga mmoja," alikuwa anasema, "mwenzake unampeleka wapi?" Na wewe, mtu mzima na ndevu zako, mwanaume wa kushuka shimo la duara kwa kamba kutafuta dhahabu, uliitii sheria hiyo kuliko sheria za serikali. Wenzako wakiinua simu huko machimboni unageuza kisogo. "Mpaka Kulwa awepo." Simu yako yenyewe ilikuwa ya vitufe na tochi, na kitambulisho cha kura kilizama na begi lako msimu wa mvua. Hivyo ndivyo mtu anavyoishi miaka yote hiyo bila uso wake kubaki mahali, mpaka siku moja uso huo ukatafutwa.

Halafu ukaja na ile kamera ndogo.

Ulitoka machimboni, kule mbele ya Buseresere, umeifunga ndani ya soksi. Ya rangi ya fedha, saizi ya kipande cha sabuni ya kuogea, na ukiiwasha lenzi inachomoza mbele kama kapua. Inakula betri ndogo mbili, sawa na saa yetu ya ukutani. Kabla ya kunipa ukaijaribu asubuhi nzima uani, unaibonyeza kwa kuku, kwa Mama, kwa kila kitu, tena umeishika juu chini! Nilicheka mpaka nikakaa.

"Kaka, umeigeuza!"

"Kitufe kiko kulia," ukasema, "na kidole changu kinachofanya kazi kiko kushoto. Nifanyeje, nizaliwe upya?"

Kisha ukanipa. "Chukua, ngosha, mwanaume wewe. Inaingia mfukoni. Mtu hata hajui kama anapigwa."

Nikasema wabeja, asante, kaka. Mdomo ulisema. Moyo ulikuwa Kahama, mtaa wa Nyasubi, kwa yule mzee mpiga harusi aliyekuwa anastaafu na kuuza kamera yake kubwa. Nilikuwa nimeshaishika mara tatu. Nyeusi, nzito kama tofali, mpira wa mshikio umebandikwa kwa gundi ya viatu, herufi za vitufe zimefutika kwa vidole vya miaka. Ukibonyeza inalia krachaa! kina mama wote wanajitengeneza kitenge. Na lenzi yake, Doto! Inachukua uso mmoja tu, ule uso unatoka na kila unywele wake, nyuma yote inayeyuka kama maziwa. Mzee aliniambia ukweli, sitamsingizia. Alisema, "Kijana, hii ni mashine ya kazi lakini betri imezeeka, na lenzi hii inataka mtu mwenye subira. Hiyo ndogo uliyonayo itakutunzia kumbukumbu za nyumbani. Usiidharau."

Nikampa baiskeli yangu na mbuzi wawili, nikaondoka na kubwa. Ndogo ikaenda kulala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama, na soksi yake. Sikuangalia hata ulichopiga ndani.

Jamani nilitamba! Siku nilipokuja nayo machimboni kwenu unaikumbuka? Nimeivaa kifuani kama askari. Nilifikiri wachimbaji watapanga foleni. Waliponiona, nusu wakatumbukia vichakani, wengine wakafunika nyuso kwa mashati, na yule msimamizi wa duara akaja na mpini wa sururu.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo yako weka mfukoni. Kamera hiyo ni ya serikali au ya gazeti?"

Ukatokea upande wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, umejaa vumbi la mawe mpaka kope, mweupe kama mtu wa unga. "Muacheni, huyo mdogo wangu. Hajatumwa na mtu, amejituma mwenyewe." Wakacheka, mpini ukashuka. Ukanisindikiza mpaka kwenye magari na hukunigombeza. Ulisema tu, "Kale kadogo ungekuja nako, ungewapiga mpaka wakiwa wanakula." Nikajibu kwamba mtu hawezi kujenga jina kwa kamera ya kuchezea watoto. Nilikuambia hivyo wewe uliyeinunua.

Sasa Pasaka.

Ile Pasaka mlikuwepo wote wawili nyumbani, baada ya muda mrefu. Mama alikuwa ameshawashonea mashati ya kitenge kimoja, yale ya bluu yenye ndege. Aliyatayarisha kwa ajili ya picha. Mmetoka misa, wali uko jikoni, mkasimama pale mbele ya ukuta mliokandika wenyewe mkiwa wadogo. Nikaweka jicho. Kila nikimkamata Kulwa, wewe unayeyuka. Nikikukamata wewe, Kulwa anakuwa ukungu. Ningejua kazi vizuri ningejua cha kurekebisha. Lakini sikujua, Doto, na kusema sijui mbele yenu nyinyi wawili, mimi Profesheno, ilinishinda.

Nikasema, "Simameni mmoja mmoja. Nitawaunganisha kwenye kompyuta Kahama, hata Mama mwenyewe haoni mshono."

Kulwa akatangulia, kwa sababu Kulwa hutangulia. Nikampiga picha nyingi hata akasema taya zinauma. Wewe ulikuwa pembeni unangoja. Ulikuwa umejipaka mafuta usoni, umefunga kifungo cha shati mpaka cha juu kabisa, kile kinachokaba. Ukaja ukasimama. Nikainua, nikabonyeza. Kimya. Betri imekufa.

Ukasema, "Kale ka kwangu kako wapi? Kanataka betri za saa tu. Nizitoe pale ukutani?"

Nikacheka. Nakumbuka nilivyocheka. "Kaka, nikupige na kipande cha sabuni? Subiri kesho asubuhi, jua la saa moja, utatoka kama bwana harusi."

"Haya, Profesheno," ukasema, ukakaa kwenye kigoda. Hukufungua kile kifungo mpaka tulipomaliza kula.

Halafu Mama akauliza kutoka jikoni, "Shija! Umewapiga wote wawili?"

"Wote, Mama," nikajibu. "Pamoja."

Uliniangalia. Ungesema neno moja tu, Mama angezitoa zile betri za saa kwa mikono yake. Lakini uliniachia heshima yangu. Niliipokea, nikala nayo wali.

Kitu kingine sijawahi kumwambia mtu, nakiandika hapa kwa nyekundu. Nilipowaambia msimame mmoja mmoja, kuna raha ndogo ilinipitia. Maisha yangu yote nyinyi mlikuwa ndani pamoja na mimi nje. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeshika mlango, nikawatenganisha. Raha yenyewe haikufika hata dakika.

Kesho yake gari la Buseresere likaja mapema kuliko kawaida. Uligonga dirisha langu, nikasikia, nikavuta shuka. Nilipoamka jua la saa moja lilikuwa limekaa ukutani vizuri kabisa, betri imejaa, na wewe umeshapita Runzewe.

Miaka yote tulikuwa tunaogopa duara. Mama aliombea kamba, aliombea magogo ya kuzuia udongo, aliombea hata mawe. Ukaja kuondoka kabla hujarudi tena nyumbani, kwa homa ya siku nne, kitandani, kama mtu asiyechimba chochote. Walipokuleta, watu wamejaa uani, Mama akaniita. Hakuwa analia wakati ule, alikuwa anapanga mambo. "Shija, nenda Kahama ukaioshe ile picha yao. Tumtoe Doto humo, tuweke mbele ya jeneza."

Ile picha yao, Doto.

Nilienda. Nilikaa kwenye duka la kuchapisha picha na kadi ya kamera mkononi, na msichana wa kompyuta akafungua. Kulwa, Kulwa, Kulwa, Kulwa. Mashati yenu yalikuwa sawa. Sura zenu zilikuwa sawa, hata mapadri walikuwa wanawachanganya. Nikajiambia nani atajua?

"Marehemu ni huyu?" akauliza.

"Ni huyo," nikasema.

Akatoa pole, akaandika jina lako chini ya uso wa mtu mzima anayepumua, akaweka na maua pembeni.

Sikufikiri mbele. Nilisahau nani atakayebeba. Kwetu picha ya marehemu hutangulia jeneza, na ya pacha itabebwa na nani kama si pacha mwenzake? Wakamkabidhi Kulwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama. Yeye ndiye aliyesimama mbele yangu siku ile mpaka taya zikamuuma, angeacha kujijua? Akatembea nayo kifuani kutoka nyumbani mpaka kaburini, amejibeba mwenyewe, watu wanalia, wanasema jamani wamefanana. Aliponipita akasema polepole, "Shija, umenizika."

Tuliporudi, Mama aliitundika sebuleni. Kisha akaifunika na pindo la kanga. Wageni wakiuliza, anasema ni vumbi la barabara.

Ikakaa hivyo mwaka mzima. Kulwa hakunisema. Mama hakunisema. Mimi nikawa napiga harusi, napiga kipaimara, nachekesha maharusi, nikirudi nyumbani napita sebuleni naangalia miguu yangu.

Mwezi huu ndipo tumejenga kaburi. Fundi wa marumaru akataka picha ya kuchapisha kwenye kigae cha kichwani. Tukakaa, Mama, Kulwa, Baba Mdogo na mimi. Baba Mdogo akasema, "Si ileile ya msibani? Nzuri, inang'aa, kazi ya kijana wetu."

Kulwa akasimama. "Baba Mdogo, mnataka kunibandika kwenye saruji na mimi bado nakula ugali?"

Baba Mdogo akamtazama Kulwa, akamtazama Mama, hakuelewa. Ndipo nikasema. Nilisema yote, kuanzia lenzi. Nilitegemea Mama apige yowe. Alikuwa anachambua maharage na hakuacha.

"Nilijua palepale," akasema. "Mtoto niliyemnyonyesha kulia na mtoto niliyemnyonyesha kushoto, utanichanganyia kwa kioo?"

"Sasa Mama, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilifikiri ni wiki moja. Umechukua mwaka." Akatupa jiwe alilolipata kwenye maharage. "Haya. Doto wangu uliyemwacha nje yuko wapi?"

Hakuuliza kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Na hapo, sijui kwa nini kichwa changu kilichelewa mwaka mzima, nikaikumbuka ile soksi.

Niliingia chini ya kitanda kwa tumbo. Nikatoa sanduku, nikatoa soksi, nikaenda ukutani nikazitoa betri za saa, zilezile ulizotaka kuzitoa wewe. Nikaziweka. Ikatoa kapua kake. Ilikuwa inangoja tu, bila kinyongo, tofauti na mimi.

Ulipiga vitu vya ajabu! Na vyote juu chini. Kuku wanatembea angani. Mama ameshika ungo, miguu juu, kanga haijadondoka. Kulwa anakojoa nyuma ya banda, hiyo nimeifuta, ameapa kuniua. Mimi nimelala mdomo wazi, mate yanapanda kuelekea paji la uso. Mshenzi wewe! Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa, na Mama akacheka, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile tangu uondoke. Lakini wewe hukuwemo. Kila picha uliipiga wewe, kwa hiyo hukuwemo.

Ya mwisho ilikuwa uwanja mtupu. Udongo umefagiliwa, jua la asubuhi, na kivuli kirefu cha mtu. Mikono imeinuliwa kwenye uso na kiwiko cha kushoto kimetokeza nje kama mkono wa birika.

Kulwa akasema taratibu, "Kivuli hicho hata mimi naweza kuwa."

Mama akaichukua kamera, akaigeuza mpaka kivuli kikasimama kwa miguu yake. Akaileta karibu na macho. "Wewe kiwiko chako hakijawahi kukaa hivyo. Huyu ni Doto. Tena huyu alikuwa anakaribia kucheka, ona mabega."

"Shemeji," Baba Mdogo akasema, "kivuli juu ya kaburi? Watu watasema mambo."

"Waje waniulize mimi Mama Kulwa."

Fundi alikuna kichwa, akachapisha. Kwa hiyo kama umejiona hapo kichwani umekuwa mwembamba na mweusi, sababu ndiyo hiyo.

Jumamosi padri alikuja kubariki. Asubuhi niliziweka zote mbili mezani, kubwa na ndogo. Sitakudanganya, niliishika kubwa kwanza. Watu wote wangekuja kumwona Profesheno. Na kamera kubwa haina kosa, Doto, naomba hilo lieleweke. Ilifanya nilichoiambia. Inanilisha mpaka leo na sijaiuza. Kosa lilikuwa na miguu miwili na linaitwa Shija. Lakini nikaiacha mezani, nikaondoka na sabuni mfukoni.

Walinicheka, si unawajua. "Profesheno! Leo umetuletea rimoti ya tivii?" Nikawaambia ni toleo jipya, bado halijafika Kahama. Lazima mtu ajibu.

Padri alipomaliza, Kulwa akachuchumaa kando ya kigae, bega lake karibu na kivuli chako. Alikuwa amevaa lile shati la ndege. Kifungo cha juu amefunga, sikumwambia mimi. Nikainua kamera. Sikuhitaji kurudi nyuma wala kuchagua nani ayeyuke. Nikaigeuza juu chini, nikabonyeza kwa kidole cha kushoto, na hakijazoea kazi.

Nyuma yangu Mama akauliza, "Umewapiga wote wawili?"

Maneno yaleyale, sauti ileile ya jikoni. Nimeongea maisha yangu yote, na swali lile nilikuwa nimeshalijibu mara moja. Nikampa kamera aangalie mwenyewe. Akaikinga na kanga kwa sababu ya jua, akaigeuza, akaangalia muda mrefu sana.

"Wameenea wote wawili," akasema.

Akanirudishia, akaenda kuwapa watu chai. Hakunishika kichwa, hakusema yameisha. Nami sikudai. Ile picha ya sebuleni ameitoa, amempa Kulwa ajitunzie uso wake. Pale ukutani pamebaki msumari, na saa nayo haitembei kwa sababu betri zake bado ninatembea nazo mfukoni. Baba Mdogo ameshachelewa misa mara mbili na ananilaumu mimi, na kwa hilo ana haki.

Kaka, watu wote wamekuona kivuli. Mimi peke yangu ndiye niliyekuona ukiwa umesimama mbele yangu, mafuta usoni, kifungo kinakukaba, unaningoja nibonyeze. Hiyo picha ninayo mimi tu na siwezi kumuonyesha mtu. Ingekuwa kazi ya betri mbili. Nisamehe kama huko kuna kusamehe, na kama bado, endelea kukasirika, nitakuwepo. Nikipita Buseresere huwa naiwasha ndogo kidogo, itoe kapua, iangalie njia uliyopita.

Lala, ngosha. Kesho asubuhi sitavuta shuka.

Mdogo wenu nyote wawili,
Shija niliyewafuata